Mzee Anatazama Nyuma

Ijumaa, 7 Machi

Kitale hadi Kabuchai kwa wakwe, kwa gari, kama kila Ijumaa. Mzee amelia tangu Kiminini. Ana miezi kumi. Amepewa jina la marehemu baba mkwe wangu, na mke hatamki jina la baba mkwe wake, kwa hiyo mimi namwita Mzee. Walimu wenzangu hucheka.

Kichwa chake kimefika ukingo wa juu wa kiti chake cha garini. Mikanda inamkandamiza mabega. Hicho ni kiti cha mtoto mchanga, cha kutazama nyuma, na yeye si mchanga tena. Nimeona vizuri. Nikasema nitatafuta kikubwa mwisho wa mwezi. Hata mwezi uliopita nilisema hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Mama, yaani mama yake Wafula mume wangu, anasema kilio cha jana si cha mtoto.

"Huyo ni mzee anakataa. Kwa gari alikuwa anakaa mbele, anaona barabara. Ati sasa mnambeba akiangalia nyuma kama mbuzi ya soko?"

Kwetu mtoto akilia bila sababu, watu huuliza ni nani anayelia ndani yake. Mzee alipozaliwa alilia siku nyingi. Majina yakajaribiwa moja moja. Lilipotajwa la babu yake, akanyamaza. Nafundisha fizikia, na nilikuwepo, na alinyamaza.

Baadaye tukichambua mboga Mama akaongeza: "Lakini wewe ndio mwalimu. Kama hiyo kiti iko na sababu, fuata sababu."

Nikaendelea kuchambua. Ningemjibu ningelazimika kufuata.

Jumapili, 9 Machi

Nimegeuza kiti. Wafula alikuwa ameshaondoka; kazi yake iko Kibabii, huonana nasi wikendi tu. Kiti chenyewe hakikutengenezwa kutazama mbele. Nikakilazimisha, nikapitisha mkanda pale ulipokubali kupita.

Kimya hadi Kitale. Nilimwona kwenye kioo akichekea mashamba. Raha tupu. Nilijua ule mkanda haukukaa sawa, lakini raha ilikuwa raha.

Jumatano, 12 Machi

Darasani leo: gari likifunga breki, kilichomo ndani kinataka kuendelea mbele. Msichana mmoja akauliza, na mtoto mdogo je, ambaye kichwa chake ni kizito kuliko shingo? Nikamwambia hilo swali ni zuri, akalifanyie utafiti nyumbani. Mwoga mimi.

Kiti hakijarudishwa. Anafurahi hivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Trekta la miwa, karibu na Chwele. Lilikata kona bila kuonyesha ishara. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Hatukugonga. Hakuna hata mkwaruzo.

Kichwa cha Mzee kilikwenda mbele kikarudi. Nilikiona kwenye kioo. Kiti kizima kilihama naye. Halafu hakulia. Mimi niliyechoka na kilio chake nilikaa pale kando ya barabara nikimwomba Mungu alie.

Akalia.

Daktari anasema misuli ya shingo imevutika, mfupa uko salama. Tumwangalie. Wafula alikuja hospitalini moja kwa moja kutoka kazini. Akauliza nani aligeuza kiti. Nikasema, "Mama alisema kigeuzwe."

Si uongo. Nusu ya maneno ya Mama niliitoa, nusu nikaimeza. Wafula akatoka nje akampigia simu. Sijawahi kumsikia akimpandishia mama yake sauti. Nilisikia kila neno kupitia dirisha, na sikuinuka.

Jumamosi, 15 Machi

Tumelala Kitale, hatukufika Kabuchai. Mzee hageuzi shingo upande wa kushoto. Nikimwita kutoka kushoto, anageuka mwili mzima. Nimehamia upande wa kulia.

Jumatatu, 17 Machi

Mzee anageuza shingo kidogo. Wafula amerudi Kibabii. Jioni amenipigia na ujumbe wa Mama: kama jina la marehemu linamuumiza mtoto, tuliondoe. Yeye mwenyewe atawaambia wazee. Atafutiwe jina lingine, la mtu mpole.

Mama aliishi na marehemu miaka mingi kuliko niliyoishi duniani. Picha yake ilipotea na nyumba ya zamani. Kilichobaki ni mtoto kuitwa jina lake. Na sasa analitoa, kwa sababu yangu. Wafula anasema labda ni sawa. Nikasema tuzungumze wikendi. Nikakata simu nikaketi sakafuni jikoni.

Jumatano, 19 Machi

Dukani, mjini Kitale. Mwenye duka alianza na kiti chekundu kinachotazama mbele. "Watoto wanapenda hii, madam, wanaona mambo." Najua. Mwalimu mwenzangu alikuwa amenipa cha bure, mtumba alioununua kwa mtu huko Matisi, kinatazama nyuma, kizuri. Lakini hajui kama kiliwahi kupata ajali. Nilikikataa. Amenuna.

Nimechukua kile kikubwa cha kijivu. Kinatazama nyuma hata mtoto atimize miaka minne hivi. Nilimketisha humohumo dukani. Kichwa kina nafasi juu. Mikanda inatoka pale pale mabegani, haimvuti chini. Miguu inakunjwa kidogo, na haina neno. Hakulia. Kumbe ni mikanda iliyokuwa ikimuumiza muda wote huo; mashamba yalimsahaulisha tu. Nilikuwa nimeiona, nikaacha marehemu asingiziwe.

Kwenye gari letu dogo kinasukuma kiti cha mbele mpaka magoti ya abiria yagonge dashibodi. Basi.

Jumamosi, 22 Machi

Kabuchai. Mama alinisalimu kwa mkono, akamsalimu Mzee kwa macho. Alikataa kumbeba. Alisema mikono yake ina tope la shamba. Ilikuwa mikavu.

Nilisema mbele ya Wafula, maana mbele yake ndipo nilipomsingizia. Nikasema Mama aliniambia nifuate sababu. Nikasema mikanda ilikuwa midogo nami nilijua, na nilikigeuza kiti ili nipumzike na kilio. Jina halina kosa. Mama hana kosa.

Wafula alitoka nje, akakaa huko muda mrefu. Mama aliniangalia. "Kwa hivyo ulinisikia," akasema. Ni hilo tu. Ningependa angenitukana.

Wafula aliporudi alimwomba mama yake msamaha, mkono kifuani kama mtoto wa shule. Jina linabaki. Mama hajasema kama amenisamehe, na sikumuuliza.

Jumapili, 23 Machi

Mama amekuja nasi Kitale, akae wiki moja. Kiti cha mbele hakikumtosha, akaketi nyuma na mtoto. Mzee alianza kulia kabla hatujafika Chwele. Nilisimamisha gari, nikaikagua mikanda, shingo, nepi. Kila kitu sawa. Alikuwa analia tu, kama mtoto.

"Mwache alie," Mama akasema. "Hata mwenye jina alikuwa na kelele."

Alilia mpaka Kamukuywa. Hakuna aliyegusa kiti.