Wanapiga Kama Ngoro Jazz

Liuli, Nyasa

Mpendwa kaka yangu Othmar,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba baridi ya Mbuji haijakurudishia kile kifua. Wifi Gertruda naye anaendeleaje na presha? Mwambie maharage yake yalifika, na Bernadi atakayekupa barua hii amembebea dagaa wakavu wa usipa. Sisi huku hatujambo. Joto ni kali, ziwa limetulia, wajukuu wanasoma.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Kaka, kwenye simu nikitaja muziki tu unaniambia mtandao unasumbua, halafu unakata. Karatasi huwezi kuikata, ingawa unaweza kuitia motoni. Naomba usiitie. Nimeandika na kuchana mara nyingi.

Mwezi uliopita jirani yangu Hilaria alimwoza binti yake. Mchana nilikuwa nyuma ya nyumba na akina mama, tunapakua wali, bendi ikaanza kupiga. Ni vijana wa Mbamba Bay wanaojiita Mwera Bendi, na kiongozi wao, Meshack, sidhani kama amefika miaka thelathini. Nikasikia gitaa moja, kidole gumba kinatembea chini kwenye nyuzi nene na vidole viwili vinajibu juu. Nikaweka upawa chini. Nilidhani mtu amefungulia kanda yetu ya Ngoro Jazz. Halafu katikati ya wimbo vyombo vyote vikanyamaza, sauti za waimbaji zikabaki zenyewe, watu wakashika mwendo kwa makofi, kisha vyombo vikarudi kwa pamoja. Nilikaa juu ya gunia la mkaa na nguo yangu ya harusi.

Walipopumzika nilimfuata Meshack nikamuuliza walikojifunza kupiga vile. Alisema kwa bendi moja ya Liparamba, na wale wa Liparamba walijifunza kwa mwalimu wa kwaya wa kijiji cha Ruanda. Huyo mwalimu alipata wapi, hajui. Akaniambia kwamba siku hizi bendi isiyozima katikati ya wimbo watu wa huku hawaioni kuwa ni bendi. Wanaita hivyo, kuzima. Nikamwambia mimi nilikuwa mwimbaji wa Ngoro Jazz, na sisi tulizima kwa sababu betri ya gari iliyoendesha spika ilikuwa inachoka, ukawa unatuashiria tuimbe mpaka Salvatory aunganishe nyingine. Na gumba ulilipeleka chini kwa sababu hatukuwa na gitaa la besi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema wao besi wanayo, na bado mpiga besi wao anaiacha ile nafasi ya gumba, maana bila hiyo wimbo haukai.

Wewe umezoea kusema kwamba tulipiga kelele na kelele zikaisha. Ulisema hivyo siku ile mashine ya kukoboa kahawa ilipokuchukua vidole, na hujaacha kusema. Unakumbusha kwamba tulirekodi mara moja tu Songea, redio ikatupiga kidogo, basi. Mimi pia nilishakubali. Sasa sijui tena bendi kubwa ni ipi. Zile zilizotupita kwa jina, zenye sare na mabasi yake, sisikii anayepiga kama wao. Mtindo wako unapigwa harusini na watu wasiojua hata jina lako.

Meshack aliniuliza mpiga solo wetu alifariki lini. Hapa ndipo ninapoogopa kuendelea.

Nilimjibu kwamba hajafa, yuko Mbuji, analima kahawa. Akasema taratibu, "Mama, tupeleke." Nikakataa. Nilimweleza jinsi yule mtangazaji Clemence alivyokuja na kinasa sauti ukamtoa shambani kwa jembe, na ulivyonionya kwamba nikikuletea mtu wa muziki nisikanyage tena kwako. Amekuwa akinirudia kila Jumapili baada ya misa. Hataki upige. Kuna nyimbo zetu ambazo vidole vyao havijui pa kwenda, na wanataka uwaelekeze kwa mdomo tu.

Kaka, nimekubali. Na si hilo tu, nimeanza kuimba nao. Sikukuuliza. Tunakuja Jumamosi, mimi na wao wanne. Bernadi ameniapia barua itatutangulia, ila barabara ya kupanda huko unaijua, na mvua zimeanza. Nawaza presha ya wifi, nawaza uso wako, nawaza kwamba huenda kwa ajili ya nyimbo nampoteza kaka pekee niliyebaki naye.

Ukiona hutaki, usitoke. Mwambie wifi atusimamishe langoni, vijana watarudi bila neno, nimeshawaeleza. Mimi sitarudi nao. Nitakaa hapo nje mpaka utoke unigombeze. Kugombezwa na wewe nitavumilia, kufukuzwa pia nitavumilia, ila usiniambie tena kwamba ulipiga bure, maana sasa najua si kweli.

Nisalimie sana wifi, na binti yako Tereza na wanawe. Mume wangu Urban anakusalimu, anasema anakuombea moyo mwepesi siku hiyo.

Mdogo wako akupendaye,
Restituta