Skrubu ya Tatu

3 Machi

Mwanangu Spana,

Salamu kutoka nyumbani. U hali gani, na kazi inakwendaje? Mimi nipo, ingawa huko kuwepo kwenyewe kumepungua kilo. Nimekupigia simu mara tatu, ikaita mpaka ikachoka. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Barua haikatiki katikati.

Hospitali nakwenda kila Jumanne. Daktari ni kijana mpole, anazungumza kwa miezi, hazungumzi tena kwa miaka. Shangazi yako ndiye anayeniendesha, kwa gari letu lilelile la kijivu, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Ukiwasha tu, nyuma ya dashibodi panagonga: tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Hewa yote inatoka miguuni. Ukizungusha kitufe iende kwenye kioo, haiendi. Mimi nimeliendesha hivyo miaka tisa, madirisha wazi, na mvua ikinyesha naliegesha. Shangazi yako hana subira hiyo. Anasema, "Kaka, wewe unachemshwa miguu, mimi napofuka kwa ukungu. Tutafika hospitali wote wawili wagonjwa."

Nimenunua kimota kipya, kile kidogo kinachogeuza kilango cha hewa. Sitaki fundi mwingine aguse gari lile. Nataka kukibadilisha mwenyewe, hapa uani, kabla sijaondoka. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja, sidhani nitashindwa na kitu kinachoenea kiganjani. Nielekeze tu, hatua kwa hatua.

Baba yako


19 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, katikati ya karakana, basi likiwa limeinuliwa juu ya kichwa changu. Mimi mzima. Pole sana kwa kuumwa. Hilo la miezi nimelisoma mara mbili.

Unasema hutaki fundi mwingine aguse. Ulikuwa na fundi, Baba. Ulimwangalia akifunga begi.

Kazi yenyewe ni hii. Toa kwanza waya wa hasi kwenye betri. Kalia mto upande wa abiria, usipige magoti, najua magoti yako. Fungua kisanduku kilicho mbele ya abiria, kitoe vitu vyote, kibane mbavu zake mbili kwa ndani, nacho kitashuka chenyewe. Nyuma yake, upande wa kushoto, utaona kiboksi cheusi chenye waya. Hicho ndicho kimota. Kimeshikwa na skrubu tatu: moja chini, moja ubavuni, na moja juu ambayo huwezi kuiona bila kioo kidogo.

Kabla hujalegeza hata moja, zitazame. Nilipokifunga kimota hicho, kila skrubu niliichorea mstari kwa rangi ya kucha ya Mama, ile nyekundu, kutoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye plastiki. Skrubu ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika. Nafanya hivyo kwa kila kazi mpaka leo. Niandikie mistari ikoje, yote mitatu. Kisha nitakuambia kinachofuata.

Mwanao


27 Machi

Mwanangu Spana,

Natumaini uko salama na lile basi limekwisha kushushwa. Mimi naendelea hivyo hivyo, chakula hakitaki kushuka, ila leo nimekunywa uji bakuli zima bila ugomvi.

Kazi imenichukua siku mbili. Siku ya kwanza nilimaliza nguvu kwenye betri. Siku ya pili nilikaa juu ya mto kama ulivyoagiza, nikaingiza kichwa chini ya dashibodi, na shangazi yako akanishikia tochi huku akitoa hotuba. "Ukikwama humo, Kaka, mimi sikuvuti. Naita zimamoto." Kisanduku kilitoa vitu ambavyo nilikuwa nimevisahau: miwani ya mama yako ya kusomea, peremende zilizoyeyuka zikawa jiwe, na karatasi ya dawa yenye mwandiko wake.

Kimota nimekiona. Skrubu ya chini ina mstari mzima, mwekundu kabisa. Ya ubavuni vilevile. Ya juu sikuiona vizuri, macho yangu unayajua. Pengine rangi imekwisha kwa joto la miaka yote hii. Nimeona tusipoteze muda hapo. Niambie namna ya kukichomoa.

Baba yako


6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini uji unaendelea kushuka.

Rangi ya kucha haikwishi kwa joto. Na ingekuwa ni joto, ingekwisha kwenye zote tatu. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo mezani, kwa vijiko vitatu na kikombe cha chai, nikiwa darasa la nne.

Chukua kioo, utazame tena. Nasubiri.

Mwanao


11 Mei

Mwanangu,

Usidhani nimekaa kimya kwa hasira. Nililazwa wiki tatu, nimerudi juzi. Wamenipa kiti cha magurudumu, na shangazi yako anakisukuma kama anayekwenda kugombana na mtu. Wewe je, uko mzima? Unakula mchana, au bado unashindia chai?

Kioo sikukichukua. Sikuwa na haja nacho. Mstari wa skrubu ya juu umekatika, najua, kwa kuwa mimi ndiye niliyeukata.

Niache niseme kwa utaratibu, maana nikiruka sitarudi. Ulimaliza kazi ile Alhamisi. Uliniita nije kuona hewa ikitoka kwenye kioo, nikaja, nikasema "vizuri", na ukafurahi. Jumapili mchana mama yako amelala na wewe umetoka, nikawasha gari kulisogeza kivulini. Nikasikia tak. Moja tu, nyuma ya dashibodi. Nikajiambia, kuna kitu mtoto hakukifunga sawasawa.

Ningekungoja unieleze. Lakini mimi nimeishi na kalamu nyekundu mkononi. Sijawahi kupokea kazi ya mtu nikaiacha bila kuipitia, hata barua za mama yako za uchumba nilizirekebisha nukta. Nikachukua bisibisi, nikalegeza skrubu ya juu, nikakiinua kimota upande mmoja nichungulie. Skrubu mbili nyingine zilikuwa zimekishika bado. Nikabinya zaidi. Ndani kikavunjika kitu, sauti ndogo, kama njiti ya kiberiti. Nikakirudisha, nikakaza, nikafunga kisanduku. Nilipowasha tena, ilianza ile tak tak tak, na hewa ikabaki miguuni.

Nilikusudia kukuambia jioni. Uliporudi ulikuwa unaimba, nikaona aibu. Jumatatu nikasema nitasema kesho.

Kesho yake alfajiri mama yako akabanwa na kifua. Mvua unaikumbuka. Tulikuwa wanne ndani ya gari, shangazi yako mbele kando yangu, pumzi zetu zote kwenye kioo, na hewa haipandi. Ukifungua dirisha mvua inamwagika juu yake. Nilisimama mara tano kufuta kwa mkono wa shati. Wewe ulikuwa nyuma umemshika, unaniuliza, "Baba, mbona hewa haiji kwenye kioo? Niliijaribu mwenyewe." Nikasema, "Nishikie mama yako."

Daktari wa siku ile hakusema kama kuwahi kungesaidia. Sikumuuliza. Miaka tisa najua namba ya chumba chake na sijamuuliza.

Kisha pale msibani, shangazi yako akasimama katikati ya watu, "Gari lilitengenezwa na nani? Si huyu? Nilisema mimi, mtoto wa kike na spana wapi na wapi! Amemuua mama yake." Wote wakakutazama. Kucha zako bado zilikuwa na grisi. Ukanitazama mimi. Mimi nikatazama mkeka, mwanangu, na nakumbuka mpaka leo jinsi ulivyosukwa.

Hilo ndilo nililotaka kuandika tangu Machi. Kimota kilikuwa kisingizio. Sikuombi kitu, sina uso wa kuombea. Nimechoka kulibeba, na nimeona aibu zaidi kufa nalo.

Baba


20 Mei

Baba,

Shikamoo. Pole kwa kulazwa. Mchana nakula.

Nilijua.

Siku ya pili baada ya kuzika, watu wakiwa ndani wanakula, niliingia kwenye gari na tochi. Nilitaka kuona nilikosea wapi. Nilikuwa nimeshakubali kuwa ni mimi. Nikakuta mistari miwili mizima na mmoja umekatika, na kwenye plastiki alama ya bisibisi pana, ile yako ya mpini wa mbao. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nikarudishia kisanduku, nikasema moyoni, atasema jioni hii. Hukusema. Nikasema kesho. Siku ya nne nikapanda basi.

Ningeweza kukutaja mbele ya wote. Nilitaka utamke mwenyewe. Ndiyo maana sikupokea simu zako, maana ulikuwa unaanza na hali ya hewa na kumalizia na hali ya hewa. Ulipoandika kuhusu kimota, nikajua umekaribia.

Jambo moja la kifundi, ujue. Ile tak moja ya Jumapili haikuwa hitilafu. Kimota kikiwa kipya, ukiwasha gari, kinajipima: kinakwenda mpaka mwisho wa huku, kinakwenda mpaka mwisho wa kule, kisha kinatulia. Ndiyo sauti uliyoisikia. Kilikuwa kizima, Baba.

Nimeandika hilo mara tatu nikalifuta. Nimeliacha, kwa sababu tumekubaliana kusema.

Kuhusu Mama, mimi nilikuwa nimemshika. Alikuwa amekwenda kabla ya mara yako ya tatu kusimama. Sikukuambia ili usiache kuendesha, na baadaye sikukuambia kwa hasira. Hili lilikuwa langu, nami nimelibeba vya kutosha.

Sasa mimi nina ombi. Mimi na wewe tunajua. Shangazi hajui, wala wale waliokuwepo. Miaka tisa jina langu katika familia hii ni yule aliyemuua mama yake. Waambie. Usiwaandikie, waambie kwa mdomo.

Na kimota: bonyeza ulimi wa plagi, chomoa. Legeza skrubu tatu, kivute moja kwa moja bila kukipinda. Geuza kilango kwa kidole uone kama kinateleza. Linganisha tundu la kimota kipya na mhimili wa kilango, kikiingia kitaingia chenyewe, usibinye. Skrubu kaza kwa vidole viwili tu. Rudisha betri. Halafu zungusha ufunguo uwashe swichi bila injini, dakika mbili, usiguse kitufe chochote. Acha kijipime.

Mwanao


16 Juni

Mwanangu Spana,

Mwandiko huu ni wa shangazi yako. Mkono wangu umekataa kalamu, kwa hiyo mimi nasema naye anaandika. Nimemkataza kuongeza maneno yake. (Hajanikataza, amejaribu. Shikamoo yako nilikuwa siitikii miaka tisa, mwanangu. Nimeiitikia leo, peke yangu jikoni. Shangazi.)

Barua yako niliisoma peke yangu. Nilipofika pale kwa mama yako niliiweka chini, nikakaa. Asante. 

Jumapili tuliwaita wote waliokuwepo msibani na ambao bado wapo. Walijaa sebuleni, wengine wakasimama mlangoni. Walidhani ni mambo ya urithi, maana walikuja wamevaa vizuri. Nikawaambia. Nilianza na skrubu, nikamalizia na mkeka. Hakuna aliyenikatiza. Mjomba wako aliuliza swali moja tu, "Na mtoto alijua?" Nikasema, "Alijua tangu siku ya pili." Akavua kofia, akaishika.

Shangazi yako alingoja wageni waondoke. Kisha akaniambia, "Kwa hiyo miaka tisa nimemnyima salamu mtoto wa watu kwa ajili ya ubishi wako wa kalamu nyekundu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungekuwa huumwi ningekuzaba kofi." Nikamwambia alizabe tu, si la leo ni la miaka tisa. Hakunizaba. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. (Kweli. Shangazi.)

Kimota nimekifunga Jumatano. Nilishikwa kiunoni nisianguke, lakini mikono ilikuwa yangu. Cha zamani kilipotoka nilikifungua, nikakuta jino moja la gia limekatika, dogo kama punje ya mchele. Nimeliweka kwenye bahasha hii. Kilango kinateleza. Kimota kipya kiliingia chenyewe kama ulivyosema. Skrubu zote tatu nimezikaza kwa vidole viwili.

Betri nimerudisha. Ufunguo uko kwenye swichi. Sijauzungusha, na nimemkataza kila mtu. Jumanne tulikwenda hospitali kwa teksi, na kesho, kama nitakwenda, tutakwenda hivyo hivyo. Shangazi yako anasema nimerukwa na akili, gari zima limekaa uani kama sanamu. Mwache aseme. Kazi ile umeielekeza wewe na ni yako. Nina kalamu nyekundu tangu ujana wangu, na hii ndiyo kazi ya kwanza ninayoiacha bila kuipitia.

Kisanduku nimekiacha wazi ili ufikie skrubu ya juu bila taabu. Kichupa cha rangi ya kucha cha mama yako nimekitafuta, nimekiona kwenye mtoto wa meza, rangi imekauka ndani. Njoo na yako.

Baba