Monika na Wacheza Nyoka wa Puge

Jumamosi jioni, Puge. Jua limetuchoma kutwa nzima, sasa kuna kaupepo. Moyo umetulia kidogo, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tulitoka Chemchem alfajiri kwa lori, watoto kumi na wawili wa darasa la kuchora, Mwalimu Simoni, na mimi mpishi wao. Sikuomba kazi hii kwa kupenda kupika. Niliomba kwa sababu Monika wangu yumo.

Mwalimu amewaleta wawaone wayeye, wale wacheza nyoka, wawachore. Wawili watakaochora vizuri wataendelea na kuchora mwakani. Wengine watarudi kwenye kushona. Monika kushona hakuwezi, na hakutaki.

Wayeye wana desturi yao. Anayetaka kukaa mbele, karibu na ngoma, hupakwa dawa miguuni kwanza. Asiyepakwa hukaa nyuma ya watu wote. Watoto wakapanga foleni, hata Mwalimu akavua viatu. Zamu ya Monika ilipofika nikamvuta.

"Sisi ni watu wa kanisa," nikasema.

Mzee mwenye dawa akacheka. "Mama, nyoka wangu haulizi dini! Na leo kashiba, kala kuku wawili."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikashika bega la mwanangu, tukaenda kukaa nyuma kabisa.

Nilisingizia dini.

Mwalimu Simoni ni mzee wa kanisa letu, na alipakwa. Ukweli ni kwamba namwogopa nyoka, na nilimwogopea mtoto. Chatu lile lilipotolewa kapuni, nene kama mchi, nilifumba macho. Ngoma nimeisikia tu.

Baada ya chakula Mwalimu akatandaza michoro kwenye mkeka. Nyoka kila mahali, na wachezaji wamejipinda kama nyoka wenyewe. Wa Monika ulikuwa na migongo ya watu. Migongo, vilemba, mtoto kabebwa. Na pembeni, mkono mkubwa umekamata gauni begani.

"Mkono huu una uhai," Mwalimu akasema. "Lakini ngoma iko wapi, Monika?"

Monika hakunitaja. Afadhali angenitaja.

Mkono ule ni wangu. Hata kidole changu kilichopinda kwa kutwanga amekiweka.

Nikamfuata Mwalimu kando, nikamweleza yote, dini na uongo wangu. Akasema wayeye watacheza tena kesho asubuhi kabla hatujapanda lori. Monika akileta mchoro mwingine, ataupokea.

Nimemwambia Monika apakwe dawa, akae mbele. Akaniangalia kwanza, kama anayepima.

"Na wewe, mama?"

"Na mimi," nikasema, kabla sijafikiri.

Sasa nafikiri. Miguu nitampa yule mzee aipake. Macho nitajitahidi niyafumbue. Lakini mikono hii, ee Mungu, kesho nitaiweka wapi?