Ukurasa wa Ishirini na Mbili

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, kisha unijulishe hali. Goti la kushoto linasemaje? Barua yako ya mwisho ilisema limekuwa kama mlango wa choo, halifunguki vizuri wala halifungiki, nami nikacheka peke yangu mpaka binti yangu akatoka jikoni kuja kuona kama nimepata wazimu. Mimi ni mzima. Presha inapanda na kushuka, lakini kwa miaka sabini na mmoja nashukuru kwamba bado inapata pa kupanda. Binti yangu anasema shikamoo shangazi. Bado ni fundi wa lifti, na bado yeye mwenyewe hupanda ngazi kwa miguu. Anasema lifti anazijua mno.

Leo barua ni ndefu. Nina jambo la kukuomba na jambo la kukiri, na yote mawili yamo katika kijitabu kimoja. Nivumilie nianze na kijitabu.

Karibu na tunapoishi pana maktaba ya mtaa, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na kompyuta sita upande wa pili. Mkutubi wake ni mama wa makamo, mwembamba, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Aliona kwamba watoto wa watu wetu wanasema lugha ya huku tu, na wazee wanasema ya kwetu tu, na katikati hakuna kitu isipokuwa televisheni. Akaniuliza kama ninazo hadithi za nyumbani, tutengeneze kijitabu cha lugha mbili: kushoto lugha yetu, kulia ya huku, ili babu na mjukuu washike kitabu kimoja, kila mtu na upande wake. Nikajibu kwamba ninazo, katika daftari la zamani. Usiniulize daftari gani. Nitafika.

Basi nikafundishwa programu ya kupanga kurasa. Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi kutoka kiwanda cha uchapaji na vidole vyeusi, mama akinikataza kugusa unga? Nilidhani kazi ile ninaijua. Kumbe! Huku herufi hazina uzito. Hakuna madini ya risasi wala wino. Unachora sanduku kwenye kioo, unamwaga maneno ndani. Wiki ya kwanza nilinyoosha mistari kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi, kama nilivyokuwa nikichomeka vipande vya risasi kati ya maneno, na nikajiona fundi hasa. Kisha mkutubi akakuza herufi kidogo kwa ajili ya macho ya wazee, na mistari yangu yote ikaporomoka kama abiria wa basi lililofunga breki. Alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia kwamba babu, kazi ya kusukuma niiachie mashine, mimi nibaki na kazi ya kuona.

Kutafsiri alipewa binti yangu, maana lugha ya huku ndiyo aliyokulia. Hapo ndipo fujo ilipoanza. Hadithi za mama unazijua, hazina haraka. Yule mwanamke anayekwenda kuazima ungo haendi tu. Akaenda, akaenda, akaenda. Mlango anaubisha mara tatu, na kila nyumba humpa kazi kwanza: hebu nishikie mtoto, hebu nichambulie maharage, hebu nitafutie kuku. Binti yangu akaandika kwamba alitembea mwendo mrefu. Basi. Nilipolalamika, akanijibu kwamba sisi watu wa kule tukimtuma mtu ungo, mpaka arudi nafaka imeshaota upya. Kwa hiyo kila ukurasa wa kulia ukawa mfupi, na wa kushoto, kwa sanduku la kimo kile kile, ukafurika. Katika programu hii maneno yasiyoenea sandukuni hayaonekani. Inabaki alama ndogo nyekundu pembeni, kukuarifu kwamba kuna wenzao wameachwa nje.

Mimi nikachukua njia rahisi. Nikakata. Akaenda mbili zikaondoka, ikabaki moja. Mlango ukabishwa mara moja. Kuku akapatikana bila kutafutwa. Kurasa zikalingana, alama nyekundu zikatoweka, nikamwita mkutubi aje anisifu.

Alikuja na daftari mkononi. Hajui hata neno moja la kwetu, lakini macho anayo. Akaweka kidole daftarini, kwenye maneno matatu yanayofanana yaliyofuatana, akaweka kingine kwenye kioo, penye neno moja, akaniuliza wale wawili wamekwenda wapi. Nikamweleza habari ya nafasi. Akauliza, kwa upole tu, kwa nini kila panapobana kinachokatwa ni cha upande wetu.

Dada, niliutazama mkono wangu. Miaka hamsini na mitatu nimeishi huku nikijipunguza ili nienee. Sauti niliipunguza ndani ya basi, jina nikalifupisha kule ghalani nilikopanga makasha, salamu nikaziacha nusu kwa sababu watu wa huku wana haraka. Sikujua kwamba mkono umezoea kiasi hicho.

Tukarudisha kila kitu. Tukakubaliana kwamba upande wa kushoto ndio utakaoamua kimo cha ukurasa, na wa kulia ukipungua, upungue. Binti yangu alipokuja kutazama, aliiona ile nafasi nyeupe iliyobaki chini ya maneno yake, ukurasa baada ya ukurasa, akasema sasa anaonekana mvivu mbele ya umati. Akavuta kiti. Jumamosi nzima alitafsiri upya: akaenda zote tatu, milango yote, na kuku akatafutwa mpaka uvunguni. Alipofika penye maharage akaniuliza kama bibi yake alikuwa akisimulia huku anachambua kweli. Nikamwambia ndiyo, na aliyelegea kusikiliza alipewa sahani yake achambue. Kabla ya siku ile hakuwahi kuniuliza habari za mama kwa hiari yake. Ana miaka arobaini.

Ni siku hiyo hiyo mkutubi, kwa kusifu tu, aliponiuliza kama mwandiko ule wa daftarini ni wangu, wenye herufi zilizosimama wima na mikia inayopinda kama ndoana. Nikasema ndiyo.

Najua umeshaelewa. Ni daftari lako. Lile la jalada la bluu, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ulilokuwa ukiandika huku mama akisimulia. Halikupotea asubuhi ile tulipoambiwa tuondoke. Ulipokwenda kumchukua mama kwa jirani, mimi nililitoa chini ya godoro lako nikalitia ndani ya shati. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa kiwanda, nitalichapa. Uongo. Nilikuwa kijana mwenye hofu, nilitaka kuondoka na sauti ya mama, na nilijua nikikuomba utakataa. Lori nililopanda likapita mpakani, lenu likarudishwa. Barua yako ya kwanza iliuliza kama nimeliona. Nikajibu sijaliona, na baada ya jibu hilo kila barua ikawa ngumu kuliko iliyotangulia. Ukamshuku wifi yako kwamba amelichana akawashia moto, msisemezane miaka sita, nami nikawa nasoma habari hizo, nakunja barua, naweka sandukuni. Mimi, uliyeniita Domokaya kwa kuwa sikuweza kuficha hata siri ya sukari niliyoilamba mwenyewe, hii nimeificha mpaka nimeota mvi.

Na lililo baya zaidi: katika ukurasa wa kwanza wa kijitabu, chini ya jina la mama, mwandishi nilikuwa nimejiandika mimi. Nimelifuta. Jumanne nilipiga moyo konde nikawaeleza mkutubi na binti yangu, wote wawili, mbele ya kompyuta. Mkutubi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Binti yangu aliniuliza swali moja tu, kama shangazi anajua. Nikasema bado. Akainuka, akaniletea karatasi hizi ninazoandikia.

Sasa ombi. Kijitabu chetu ni karatasi sita zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini, na kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa nne. Zitakuwa ishirini na nne, upende usipende. Ya mwisho ni ya shukrani. Ya ishirini na mbili na ya ishirini na tatu, zinazotazamana, ni tupu. Mkutubi alishauri tutie picha ya ungo. Nikakataa. Daftari lako linakomea pale mwanamke anapofika nyumba ya mwisho, anabisha mara tatu, na anasikia mtu ndani akimwita kwa jina lake. Hapo ndipo kalamu yako ilipofika. Mwisho mimi siujui, maana tangu utotoni nilikuwa nikisinzia nyumba ya pili, na ninyi mlikuwa mkinibeba kitandani kama gunia. Mama hayupo, kaka hayupo. Umebaki nao wewe.

Daftari limo ndani ya kifurushi hiki, chini ya barua. Ni lako tangu mwanzo, na linarudi kwako, uandike au usiandike. Ukitaka kijitabu kisichapwe, sema, na hakitachapwa. Nimeshamwambia mkutubi, naye amesema atasubiri, mashine ya kuchapa haina miguu ya kukimbia. Lakini ukikubali, katika ukurasa wa mwisho wa daftari lako imebaki mistari tisa mitupu. Ikijaa, ongeza karatasi. Usifanye haraka, wala usifupishe. Masanduku mawili nimeshayachora, na la kushoto nimelivuta mpaka chini kabisa. Binti yangu amekula yamini kwamba lolote utakaloandika, hata kama mwanamke atabisha mara tisa, atalifuata neno kwa neno.

Niamkie wakubwa waliobaki, na watoto wa kaka uwape mikono yangu. Goti ulikande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, usiwasikilize wanaokwambia ulale nalo tu. Na wifi yako, najua siku hizi mnakaa kibaraza kimoja mkisengenya mtaa mzima. Mwambie mwizi wa daftari amejitokeza mwenyewe, bila kukamatwa, na kwamba shemeji yake anamwomba radhi akiwa amesimama.

Nasubiri mkono wako, uwe wa kunikaripia au wa kunisimulia.

Mdogo wako,
Domokaya