Mlango wa Uji

Mpendwa Dani, nyanya yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, usinikasirikie. Kijaluo changu kilikuwa cha kuongea tu, na kuongea ndiko kumenishinda siku hizi. Ukinisikia utadhani nina tonge la ugali mdomoni ambalo nimekataa kumeza. Wamenikata ulimi, Dani. Si wote, kipande cha upande wa kushoto, halafu wakafungua shingo chini ya sikio wakatoa tezi. Ni saratani. Nimeliandika hilo jina mara moja na sitalirudia, maana najua ungetema mate ukilisikia.

Sasa nangoja mionzi. Wanasema upasuaji umetoa kinachoonekana, na mionzi itaua kilichojificha. Lakini kabla ya mionzi kuna matayarisho, na ni hayo matayarisho yaliyonifanya nikutafute wewe, wala si mtu mwingine, baada ya miaka yote hii tangu tukuzike.

Wacha nilalamike kwanza. Unanijua; nisipolalamika chakula hakishuki, na siku hizi hakishuki hata nikilalamika.

Huu mdomo haujawahi kushika sigara. Pombe naiona kwenye harusi za watu. Duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Riruta nilianza na misumari ya kupima kwa kilo, na leo nina simiti, mabati, mifereji na rangi, na bado nakujumlishia kichwani mabati ya nyumba nzima kabla fundi hajatoa simu yake kupiga hesabu. Kidonda kilipotokea nilienda kliniki mapema, kama mtu mwenye akili. Wakanipaka dawa ya zambarau. Nikarudi, wakanipaka tena. Nikawa nazunguka Dagoretti Corner na ulimi wa rangi kama mtoto aliyelamba wino, mpaka daktari mmoja wa mjini aliponimulika na tochi, akaizima, akavuta kiti karibu yangu. Nilijua kwa vile alivyokivuta. Binamu zangu niliowalipia karo wananitumia vikatuni vya mikono inayoomba kwenye simu. Na Mama Njoroge wa kanisani alikuja kuniona, akaketi, akanywa chai yangu, akasema, "Mama Akinyi, huo mdomo umefanya kazi miaka mingi. Umeomba likizo." Nilitaka kumjibu, nikashindwa kutamka jina lake. Tukacheka sote wawili, lakini yeye alicheka zaidi.

Haya. Nimemaliza. Sasa nikueleze kilichonileta.

Daktari wa meno yuko katikati ya jiji. Ni msichana mdogo kuliko Akinyi wangu, huyu niliyempa jina lako. Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara: mfupa wa taya ukishapigwa mionzi hauponi vizuri tena, na jino likiharibika baadaye na kung'olewa, kidonda kinaweza kukataa kufunga. Kwa hivyo jino lolote linalotishia kuleta shida linatoka sasa.

"Ni mangapi?" nikamuuliza.

Akanigeuzia kioo chenye picha ya eksirei. "Haya ya mbele, ya chini. Fizi zimeshuka, mama, yote yanatikisika. Sita."

"Tuseme manne."

"Mama, hii si bei."

Nikamwambia nitafikiria. Nikachukua mkoba wangu nikateremka ngazi.

Usidhani sikuelewa. Hesabu niliijua kabla sijafika chini. Mionzi haifai kucheleweshwa sana baada ya upasuaji, na fizi lazima zipone kabla ya mionzi kuanza, kwa hivyo kila siku niliyoyashikilia hayo meno nilikuwa naiiba kwenye siku za kuponea. Mteja angeniletea hesabu kama hiyo ningemwambia anajidanganya. Lakini Dani, mimi nimeuza kwa mdomo maisha yangu yote. Ulimi wameukata. Shingo imevimba upande mmoja kama niliyelala vibaya. Tena wanitoe na meno? Nitasimama kwenye kaunta na nini? Tayari mafundi wameanza kuingia dukani wakimtafuta Mutua, kijana wangu wa kazi, wakinipita mimi nimekaa pale pale. Mmoja aliniambia, "Mama, siku hizi hubishani. Nimeanza kukuogopa." Alikuwa akitania. Nilirudi stoo nikakaa juu ya simiti.

Akinyi aliposikia nimekataa, alivua viatu mlangoni akaanza hapo hapo.

"Mum, ni meno tu."

"Toa zako basi tuone."

"Zangu hazitikisiki."

"Bado."

Akaosha vyombo kwa makelele, sufuria moja ikipiga nyingine, mpaka vikaisha. Kisha akasimama jikoni, mikono ikidondoka maji, akasema bila kunitazama, "Mum, mimi sikuombi ukuwe mrembo. Nakuomba ukuwepo."

Nilienda bafuni, nikasimama mbele ya kioo, nikayafunika yale meno ya chini kwa kidole ili nione nitakavyokuwa. Na ni nani aliyekuwa ananiangalia pale kwenye kioo? Ni wewe.

Nilikuwa nimesahau, Dani. Sijui mtu husahau vipi kitu alichokiangalia kila asubuhi ya utoto wake. Wewe na wenzako wa umri wako mlitolewa meno sita ya mbele, ya chini, mkiwa wadogo, ndipo mkahesabiwa watu wazima. Mama yangu hakutolewa, mambo yalikuwa yameshabadilika. Lakini mama alikufa nikiwa mdogo, na aliyenilea mjini ni wewe, kwenye chumba chetu kimoja kando ya Naivasha Road, ukikaanga mgongo wazi nje, samaki waliokwisha kutolewa minofu, na kuuzia watu wanaotoka kazini. Mimi nilikuwa najua bei ya kila samaki aliyebaki mifupa mitupu, na wewe ulinituma mbele ya wateja kama mwanasheria wako. "Muulize huyu," ulikuwa ukisema. "Mimi ni mzee, yeye ndiye mashine." Na ulipocheka, pengo lile lilikuwa la kwanza kufika. Hukulifunika kwa mkono hata siku moja.

Watoto wa ploti waliniuliza meno yako yalienda wapi, nami nikaja kukuuliza. Mara ya kwanza ulisema uliyauza kuninunulia sare ya shule. Mara ya pili ukasema uliyakopesha jirani na jirani akahama. Nikakasirika. Mimi sikupenda jibu linalobadilika. Nilitaka moja, niwapelekee.

Kisha nikakua, nikaanza duka, na faida ya kwanza iliyobaki mkononi nilikupeleka nayo mjini ukatengenezewe meno ya bandia. Unakumbuka? Nilikushika mkono tukavuka barabara kama nakupeleka kuolewa. Meno meupe, sita, yamejipanga. Uliyavaa Jumapili moja kanisani. Jumatatu nikayakuta kwenye kopo la majani chai.

"Dani, mbona umeyavua?"

"Yananiziba."

"Yanakuziba nini?"

"Wacha maneno mengi. Yananiziba."

Niliumia. Sikukwambia wakati ule, nakwambia sasa: niliumia sana. Niliona umenirudishia jasho langu. Nilikuwa nimekupa kitu ambacho wanawake wenye pesa wa Lavington wanavaa, na wewe ukakificha kwenye majani. Hilo kopo bado liko kwa kabati yangu, nimehama nalo mara tatu. Sijui nilikuwa nalitunza au nalidai.

Wiki iliyofuata baada ya kile kioo cha bafuni, niliitwa hospitali kupewa maelezo ya mionzi. Akinyi alinisindikiza, bado tumenuniana. Sista aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa nasari. Akatuambia mate yatapungua, kinywa kitauma, chakula kitapoteza ladha. Akasema nisikonde, maana nitatengenezewa barakoa inayonishika uso nisisogee, na nikikonda italegea. Kisha akatoa rundo la vijiti vya aiskrimu. Akaniambia nitakuwa naviweka katikati ya meno, kila siku, niongeze kimoja kimoja ili mdomo uendelee kufunguka.

"Kwa nini?" Akinyi akauliza.

"Kwa sababu mionzi inaweza kukaza taya. Wengine mdomo unakataa kufunguka, unapata hata kijiko hakiingii."

Dani, nilishika ukingo wa kiti. Akinyi alidhani nimezidiwa, akaniuliza kama nataka maji. Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nimekusikia.

Ile mara ya tatu nilipokuuliza kuhusu meno, nilikuwa na homa na sikutaka kula. Ulikuwa umeketi kwenye kitanda, bakuli la uji magotini, umechoka, harufu ya mafuta ya samaki imekushika mpaka kwenye leso. Nadhani ulichoka hata kutunga. Ukaniambia, "Zamani kulikuwa na ugonjwa wa kukaza taya. Mtu meno yanakutana, hayaachani tena. Yuko hai, anakuona, ana njaa, na huna pa kupitishia chakula. Sasa sisi tuliachiwa mlango. Ukipatwa, watu wako wanakulisha uji hapo mpaka upone."

Nikakwambia hiyo pia ni uongo.

Ukakutanisha meno yako ya nyuma, ukafunga taya ki! kama mlango wa kufuli, macho yakitazama dari kama mgonjwa. Kisha ukainua bakuli, ukanywa. Uji ukapita pale kwenye pengo, wote, hata tone moja halikuanguka. Ulipomaliza ukafungua mdomo kunionyesha. Nami nikataka kujaribu, nikakaza meno yangu ya mtoto, yote yako mahali pake, na uji ukanimwagikia kifuani mpaka kwenye blanketi. Ulicheka ukashika mbavu. Ukasema, "Unaona? Wewe ukiugua utakufa na meno yako mazuri." Halafu ukanipangusa na ile leso, na ile homa ikashuka au nilisahau kuwa ninayo.

Kwa hivyo ndiyo maana. Yalikuwa yanakuziba. Ulikuwa umeniambia kila kitu, na mimi mwenye kichwa cha hesabu sikuweka hili na lile pamoja.

Tulipotoka nje nilimwambia Akinyi twende kwa daktari wa meno, siku hiyo hiyo. Ilibidi niseme mara mbili ndipo anielewe. Alinitazama kama mtu aliyeokota pesa anayeogopa kuulizwa na mwenyewe, akaita gari kwenye simu haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Yule msichana daktari hakujivuna. Alinidunga ganzi, akafanya kazi taratibu, na kila jino lilipotoka nilisikia likilia kwenye sahani ya chuma. Sita. Mwisho aliniambia baada ya matibabu yote, nikipona vizuri, tunaweza kuzungumzia meno ya bandia. Nikamwandikia kwenye karatasi: nitauliza bei kwanza. Alicheka. Sikumwambia kwamba seti moja ninayo nyumbani, ya saizi yako.

Fizi zimepona. Juzi wamenitengenezea barakoa. Ni plastiki yenye matundu kama chekeche ya kuchujia mchanga. Wanailoweka kwenye maji ya moto inalegea, kisha wanaivuta juu ya uso na mabega mpaka inashika kila mfupa. Nililala macho nimeyafumba. Ilikuwa na joto lile la kitambaa ulichonikandia shavu nilipoumwa na jino, Riruta, mvua ikipiga mabati. Ilipokuwa inapoa na kukaza, nilihesabu kwa sauti ya ndani, bei za samaki wako, kutoka mdogo mpaka mkubwa. Walipoivua bado nilikuwa kwenye bei ya mbuta, yule samaki mkubwa. Wameichora jina langu na kuiweka rafuni, inanisubiri. Naogopa, Dani. Nikiitazama pale naona uso wa mtu aliyekaza taya.

Naanza Jumatatu.

Leo jioni Akinyi aliniletea uji wa wimbi, mwepesi, umepoa vile wanavyotaka. Alisimama pale kwa mlango kuhakikisha nakunywa, maana sasa ananipima kwenye mizani kama simiti. Nikakutanisha meno ya nyuma, nikafunga taya, nikainua kikombe.

Ukapita. Nilidondosha kidogo upande wa kushoto, ulimi wangu si kama wako, lakini ukapita.

"Ati unafanya nini?" Akinyi akauliza.

"Najaribu mlango."

"Mlango gani?"

"Keti," nikamwambia. "Sogea karibu, siongei vizuri."

Nilimweleza yote, na sauti hii ya tonge. Samaki, sare, jirani aliyehama, kopo la majani chai. Nilidhani ataniambia nirudie. Hakuniambia nirudie hata neno moja. Alikwenda kwa kabati, akalitoa kopo, akalifungua, na huyo Akinyi wako akacheka ile ya kushika mbavu, na mimi pia, na pengo langu likafika la kwanza.

Pumzika sasa, Dani. Sikudai kitu.

Mjukuu wako,
yule uliyemwita mashine