Maradhi ya Meli ya Mdachi

Nyamisati, mwezi 14 Shaaban 1323

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Mwanaamina binti Swalehe, huko Mahege. Salamu nyingi zikufike wewe na wanao. Mimi mdogo wako sina ugonjwa, chakula kinapita, namshukuru Mungu. Wewe sikuulizi hali, maana mwanamke aliye edani hali yake inajulikana. Natumai lile goti limepoa na watoto wanalala.

Barua yako Kondo wa mashua kanikabidhi. Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Unasema mumeo Mshamu kanyongwa kwa sababu yako. Usingemwandikishia kombe la kifua na kumtilia kwenye kichupa, askari wasingemkuta na kitu shingoni. Unasema huli. Dada, acha hayo. Nitakueleza ilivyokuwa, na uisome peke yako.

Meli hii ya moshi ninayotia kuni ililetwa imeshachoka, na Mdachi wake, huyo anayejiita fundi, naye kaletwa hivyo hivyo. Tangu vita vianze, kazi yetu ni kuwapandisha askari mtoni wakachome maghala ya mpunga ya watu. Basi mwezi wa Rajabu ikaanza kuzimika. Inatoka hapa vizuri, ikifika katikati ya mto inakoroma, inatetemeka, kimya! Askari wamekaa juani na bunduki zao kama magunia, mkondo unaturudisha kinyumenyume. Mara sita, dada.

Ungemwona bwana fundi! Kitabu mkono huu, nyundo mkono huu. Kwanza akasema kuni za mikoko ndizo mbovu, tukaleta za msituni. Ikazimika. Akasema bomba la moshi limeziba, tukalifungua, tukatoa masizi yasiyojaza hata kofia. Ikazimika. Akafungua mashine nzima akapanga vyuma juu ya turubai, na alipovirudisha vikabaki viwili, akavitia mfukoni akidhani sijamwona. Mtu kasomea mashine miaka saba Ulaya, na hajui kuonja maji!

Maana ugonjwa ulikuwa huo tu. Wewe umezaliwa huku, unajua maji ya kunywa tunateka yakishapwa, mto unaposhuka mtamu. Yakijaa, bahari inapanda, na mwenye akili hateki hata ya kupikia. Huyu anaamuru lijazwe boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji, saa yoyote saa yake ya mfukoni inapomwambia. Maji ya chumvi yakichemka yanatoa povu, povu linaingia kwenye mashine badala ya mvuke, linaikaba. Nilimweleza mapema kabisa, kwa adabu, kofia mkononi. Akanizaba kofi mbele ya askari, akasema mtia kuni hamfundishi fundi. Haya, nikarudi kwenye kuni zangu. Kila ikizimika natazama miti ya ng'ambo, nacheka kimoyomoyo.

Mara ya sita alikuwa kaishiwa na vyuma vya kufungua. Akasema meli imerogwa kwa ile dawa ya maji ya watu wa vitani. Wakatupekua sote, na Mshamu siku hiyo alikuwa kaleta kuni, wakamkuta na kichupa. Akawaambia ni aya za Kurani zilizooshwa sahanini, dawa ya kifua, akakohoa pale pale wamsikie. Wakacheka, wakampeleka bomani. Huyo ndiye msomi wao! Chumvi haiamini, uchawi anauamini.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Ulinitumia ujumbe nimtoe mumeo. Kulikuwa na njia moja ya kumtoa, kwenda bomani niseme kwamba maji yale nateka mimi, na kwamba tangu lile kofi nimekuwa nikiacha saa yake ipite, nikingoja yajae ndipo niteke, makusudi, nimwone Mdachi akitoka jasho. Sikufanya kwa ajili ya vita wala mpunga wa mtu, usije ukanisifu. Nilifanya kwa dharau. Na kwenda bomani niliogopa, niliogopa kamba.

Nikajifanya mjanja. Nikaanza kuteka maji matamu kimya kimya, nikisema meli ikienda vizuri wataona Mshamu hana hatia, watamwachia, nami sitaguswa. Ikaenda siku tatu haijakohoa. Mdachi akafurahi, akaandika bomani kwamba tangu mchawi afungwe meli imepona. Maneno hayo ndiyo waliyomsomea Mshamu kabla ya kumnyonga. Kichupa chako hakikutajwa, dada. Aliyemnyongesha mumeo ni mimi, kwanza kwa maji mabaya, kisha kwa mazuri. Nilikuwepo uwanjani Ijumaa ile. Alinitafuta kwa macho, akaniona, akaniitikia kwa kichwa. Alidhani nimekuja kumuaga.

Basi kula, dada yangu. Kondo anakuletea kaniki mbili na mchele kidogo. Wasalimie watoto, na ndugu za Mshamu ukiona inafaa kuwaambia habari hii, waambie, mimi nipo hapa hapa Nyamisati, sikimbii. Salamu zako sizidai. Kesho alfajiri tunapandisha askari wengine mtoni. Nateka maji yakishapwa, sithubutu vingine, na meli inakwenda vizuri.

Wasalaam,
mdogo wako,
Sadallah bin Swalehe