Upara Nilionyoa Mwenyewe

Yanira, wamemwachia mwanangu Osmín. Tuko nyumbani. Nimechoka shoga yangu.

Unajua nilivyochukia zile nywele zake za kumwagika usoni. Nikaona wanajeshi watamdhania mhuni, nikamnyoa upara mwenyewe.

Leo tunanunua mikate ya pupusa, wanajeshi wakamtoa kwenye foleni. "Vua shati, kipara. Wewe genge gani?" Genge gani, eti. Mtoto wa miaka kumi na tano.

Nikasema nimemnyoa mimi. Mmoja akacheka, "Mama, umemnyoa kama wao."

Kama wao, Yanira. Walimkagua mwili mzima kutafuta tatuu za genge, watu wanatazama.

Hajanilaumu. Ameuliza tu, "Mama, zitaota lini nitoke nje?"

Ulisema Jumamosi utamnyoa wako. Mwache alivyo.